Anwani ya Oleta Crabtree

Ijumaa ile simu ya Oleta Crabtree ililia akiwa anachagua maharage, na aliyeongea hakuwa mtu. Ilikuwa mashine ya gereza la kaunti. Kwa sauti ya kike, tamu kama ya mtu anayetangaza sabuni, ilimwambia kwamba mfungwa Denver Crabtree ameachiliwa, na kwamba kama amesikia abonyeze moja. Oleta akabonyeza moja. Mashine ikamshukuru na kumtakia siku njema, kisha ikakata.

Siku njema! Oleta alikaa kitini na ile simu mkononi, maharage mapajani.

Denver alikuwa mwanawe, wa kumzaa mwenyewe na wa pekee. Ndiyo maana hofu yake haikuwa na mahali pa kuegemea. Ukimwogopa mtu baki unamchukia, na chuki inakupa ujasiri kidogo. Oleta hakuwa na hata hiyo.

Watu wa kaunti ya Tolliver walimjua Oleta kwa upawa wake. Alipika katika jiko la shule tangu nywele zake zikiwa nyekundu hadi zikawa nyeupe, na nusu ya wanaume wanaojifanya wakubwa mjini leo walipanga foleni mbele yake na sahani zao. Mumewe, Harlan, aliliwa mapafu na vumbi la makaa ya mawe akafa akikohoa. Denver akaingia mgodini alikotoka baba yake, dari likamwangukia mgongoni, daktari akampa vidonge vya maumivu. Mgongo ulipona. Vidonge havikumwacha. Akauza bunduki za baba yake, akauza mashine ya kufulia, akauza pete ya ndoa ya mama yake, na siku palipokosekana cha kuuza akaanza kutumia mikono. Mwezi wa pili aliukamata mkono wa Oleta akaupinda mpaka ukalia kama kuni kavu, kwa sababu tu mama alikataa kusema alikoficha ufunguo wa gari.

Sasa, kwetu Tolliver mtu hampeleki damu yake mahakamani. Jirani utampeleka, kwa mbwa wake, kwa ua wake, kwa mti wake ulioangukia paa lako, na mkitoka hapo mtanunuliana kahawa. Lakini mwanao? Akina mama wa kanisani walimwambia Oleta amwombee. Mzee mmoja akamkumbusha kwamba mtoto akinyea kiganja hakikatwi. Maneno matamu hayo, na ni rahisi kuyasema ukiwa na viganja vyako viwili vizima. Oleta aliomba, tena kwa machozi, na mkono ukaunga ukiwa umepinda.

Aliyemtoa humo ni muuguzi wa hospitali alikofungwa mkono. Alimshika bega akampeleka mahakamani, ghorofani kwa jaji wa familia, na yule jaji, mwanamama mpole mwenye sauti ya chini, akaandika amri ya ulinzi: Denver asimkaribie mama yake, wala nyumba yake, kwa futi mia tano. Na kwa kuwa Oleta alikuwa anahama, jaji akaamuru makao mapya yafichwe. Kwenye ile amri, mahali pa anwani, paliandikwa tu kwamba imefichwa na mahakama. Denver akaenda kutumikia miezi yake gerezani kwa kuuvunja mkono ule. Oleta akakodi vyumba viwili nyuma ya kanisa la Baptist, barabara ya Peach Orchard, na hakumwambia mtu isipokuwa mdogo wake Nedra na mchungaji.

Kwa hiyo baada ya ile simu alijituliza kwa neno moja. Imefichwa. Hajui niliko, imefichwa. Alilisema huku akisogeza kabati nyuma ya mlango. Gari lilipopita barabarani alisimama katikati ya chumba bila kupumua, kana kwamba dereva angemsikia. Jumamosi hakutoka. Jumapili kanisa lilikuwa hatua chache tu kutoka mlangoni kwake, na bado hakwenda, akawasikiliza wenzake wakiimba upande wa pili wa ukuta.

Jumanne asubuhi Nedra akapiga simu.

"We dada!" Nedra alikuwa anacheka hata kabla ya salamu. "Siku hizi umekuwa dereva wa mashindano?"

"Nini tena?"

"Usinifiche mimi. Maili hamsini na mbili kwa saa penye thelathini na tano, pale darajani! Bibi mzima na miwani yako! Ulikuwa unafukuzwa na nini?"

"Nilikuwa nawahisha sufuria ya maharage kwa wafiwa. Nani kakwambia?"

"Nani kama si Velma? Si unamjua, kesi za watu ndizo chai yake. Alikwenda mahakamani kumchungulia mkwewe kwenye ile kompyuta ya masijala, akakukuta wewe. Dada, kila kitu kipo! Jina, rangi ya gari, mwendo, mpaka unapokaa. Mia moja na kumi na nane, Peach Orchard. Velma ananiuliza, kumbe Oleta kahamia kule, mbona..."

Kicheko kilimkauka kooni, Oleta akakisikia kikikauka.

"Mungu wangu," Nedra alisema. "Dada. Si katoka juzi yule?"

Oleta alikuwa anamwona yule polisi kijana aliyemsimamisha pale darajani, mwenye adabu zake, akiishika leseni na kuuliza, "Mama, hapa ndipo unapokaa bado?" Na yeye Oleta, mwalimu wa shule ya Jumapili, ambaye hajawahi kumdanganya mtu mwenye sare maishani mwake, alijibu nini? "Hapana, mwanangu, nimehama." Akamtajia. Akamsubiri aandike. Akamwambia hata pa kukatia kona, asije akapotea! Mtu mwingine yeyote duniani angenyamaza na anwani ya zamani ikabaki pale ilipo. Sisi watu wa Tolliver tukitozwa faini tunaisaidia faini itufikie nyumbani.

Akavaa koti juu ya aproni, akatoka.

Mjini aliingia taratibu, mwendo wa mtu anayefuata jeneza, macho kwenye kioo kuliko barabarani. Kila gari la mizigo lililokuja nyuma yake lilikuwa la Denver mpaka lipite. Mlangoni mwa mahakama alisimama Burl, askari wa mahakama, tumbo mbele, mmoja wa wale aliowalisha.

"Mama Oleta! Mikono mitupu? Hata kipande cha mkate wa mahindi?"

"Siku nyingine, Burl."

Burl akamtazama mara ya pili, akaacha utani. Akampitisha kwenye mashine ya kukagua vyuma bila hata kumfungulisha mkoba.

Masijala iko chini, mkono wa kulia. Kuna kaunta ndefu, nyuma yake makarani, na kando ya dirisha kuna meza yenye kompyuta na kiti kimoja. Hiyo ndiyo kompyuta ya umma. Nisiwe mnafiki, hata wewe ungeishi kwetu ungekaa pale. Ndipo tunapojua nani kaachana na nani, nani kakamatwa kalewa, nani kafukuzwa nyumba. Na asiyekwenda mwenyewe husubiri Alhamisi, gazeti letu linapochapa safu ya mahakama, majina na mitaa yake, na watu huanzia hapo kabla ya tanzia na kabla ya mpira. Oleta naye alikuwa akianzia hapo miaka yote. Sasa alikizunguka kile kiti kitupu akaenda kwenye kaunta.

Karani aliyekuwepo ni Tressa Combs, binti mwenye kalamu nywelani.

"Tressa, mwanangu, nifutie kitu."

"Kitu gani, mama?"

"Anwani yangu. Imo kwenye ile kompyuta."

Tressa akagonga vidole. "Ni kweli, imo. Kesi ya mwendo kasi."

"Jaji wa juu aliificha. Amri ninayo hapa."

Tressa akaisoma, uso ukabadilika. "Mama Oleta, aliificha kwenye kesi ya juu. Hii ni ya chini."

"Si mahakama ni moja?"

"Jengo ni moja. Kesi za familia ziko ghorofani, na jaji wake na faili zake na kabati lake lenye kufuli. Za barabarani, za ulevi, za mbwa, ziko kwetu huku na hakimu wetu. Wa juu hawaangalii ya chini, wa chini hatuoni ya juu. Polisi kaleta karatasi yake, sisi tumeingiza kama ilivyo. Hakuna aliyetuambia."

"Basi mimi ndiye ninayekwambia. Futa."

"Nikifuta herufi moja kwenye kumbukumbu bila amri ya hakimu, jioni nalala jela na wewe unaniletea uji." Alisema hivyo akitaka kumchekesha, akaona hachekeki.

Oleta akashusha sauti. "Mtu akitaka kuniangalia pale, anafanyaje? Anajiandikisha?"

"Anakaa tu. Anaandika jina analolitaka, anasoma."

"Humuulizi wewe ni nani, unamtakia nini?"

"Haturuhusiwi kumuuliza, mama. Ni mali ya umma. Tulifundishwa kwamba mahakama ya siri ndiyo ya kuogopwa."

"Na waliokaa pale jana?"

"Walikuwa wengi. Hatuandiki."

"Denver?"

Tressa akaangalia mikono yake. "Jana mchana nilimpeleka mtoto kwa daktari wa meno. Sijui. Naapa, Mama Oleta, sijui, na hakuna mahali naweza kutazama nikajua."

Hilo ndilo lililomtisha Oleta kupita yote. Angeambiwa amekuja, angejua. Angeambiwa hajaja, angejua. Lakini mtu anaweza kukaa kwenye kile kiti, akasoma mahali mama yake anapolala, akanyanyuka, na kiti kisiseme kitu.

"Nisikilize," Tressa alisema. "Hakimu Ferrell yuko ukumbini sasa hivi, leo ndiyo siku ya kesi za barabarani. Andika ombi hapa, mistari miwili tu, kwamba anwani iondolewe. Nalipeleka mwenyewe mezani kwake. Akikuita simama umweleze. Ila iwe kabla ya saa sita, maana saa sita mtu wa gazeti anakuja kunakili orodha ya wiki, na ikishachapwa mimi sina la kukusaidia."

Oleta akaandika. Akaiweka ile amri ya ghorofani chini ya ombi, Tressa akazibeba zote mbili kwenda ukumbini.

Ukumbi ulijaa. Wanaume wamevua kofia wakazitundika magotini, wanawake wamekumbatia mikoba. Oleta alipata nafasi kwenye benchi la pili, mahali ambapo nyuma kuna watu wengi na mtu hawezi kujua nani kaingia. Hakimu Ferrell alikuwa mtu wa haraka. Anajulikana kwa hilo, kesi arobaini zinaisha kabla ya chakula cha mchana. Akamwita kijana aliyekamatwa amelewa akiendesha mashine ya kukatia nyasi barabara kuu.

"Inua mkono wa kulia. Utasema kweli?"

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Jina na anwani, kwa ajili ya kumbukumbu."

Kijana akataja kwa sauti, mpaka nambari ya nyumba. Mtu wa pili, vivyo hivyo. Mwanamke wa tatu, vivyo hivyo. Jina na anwani, kwa ajili ya kumbukumbu. Hapo ndipo Oleta alipoelewa amejiingiza wapi. Kila anayesimama huapishwa, kisha hutaja anapokaa, mbele ya ukumbi mzima, na kinasa sauti kikirekodi. Alikuja kuificha, na kwanza atatakiwa kuitangaza.

Akageuka kumtafuta Tressa. Tressa alishateremka.

Ndipo mtu akakohoa mlangoni.

Hakuhitaji kutazama. Kikohozi kile alikesha nacho Denver akiwa na miaka miwili, akimshikia kichwa juu ya beseni la mvuke. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na sauti ya mwana pia. Akasikia viatu vikija, taratibu, vikapita mstari baada ya mstari, benchi la nne likalia mtu alipokaa.

Burl, aliyekuwa amemfuata Denver kutoka mlangoni, akaja kuinama sikioni mwa Oleta. "Ana kesi yake leo, mama. Hakimu alimwita aje aonyeshe kama ameanza matibabu ya vile vidonge. Siwezi kumtoa, ameitwa kihalali. Lakini nasimama hapa."

"Ameniona?"

"Mama Oleta, wewe ni wa kuonekana."

Angeweza kuondoka. Mlango ulikuwa pale. Lakini akiondoka, ombi litatupwa, saa sita itafika, na Alhamisi Denver atasoma gazetini kama kila mtu. Hajui bado, alijiambia. Angejua angekuwa ameshakuja. Jambo la kufanya ni moja tu, nisiitaje. Chochote watakachouliza, nisiitaje.

"Oleta Crabtree."

Alipita mbele. Akainua mkono, akaapa kusema kweli.

"Jina na anwani, kwa ajili ya kumbukumbu," Hakimu Ferrell alisema bila kuinua kichwa.

"Oleta Mae Crabtree."

"Na anwani."

Oleta alifikiria kusema uongo, ataje nyumba ya zamani. Lakini ameapa, na hata angeuweza, uongo huo ungempoteza nani, ikiwa kweli imo kwenye mashine chini ya miguu yao?

"Mheshimiwa, hiyo ndiyo niliyokuja kuomba nisiitaje."

"Mama, hapa kila mtu hutaja. Nikikuachia wewe, huyu naye atataka, na yule."

"Nakuomba usome karatasi yangu kwanza. Nakuomba sana, baba."

Hakimu akaanza kupekua mezani, amekunja uso, akitafuta ombi katikati ya rundo. Na hapo, kutoka benchi la nne, sauti ikasema kwa unyenyekevu, kama mtoto anayemsaidia mwalimu.

"Mia moja na kumi na nane, Peach Orchard, mheshimiwa. Nyuma ya kanisa la Baptist, mlango wa kijani. Msamehe mama. Siku hizi anasahau."

Oleta alishika ukingo wa meza. Kitu kilichokuwa kinamshikilia tangu Ijumaa, lile neno lake moja, kilimwachia.

Hakimu aliinua kichwa. "Nani aliyesema?"

Denver akasimama, kofia mkononi. Shati lake lilikuwa safi, limepigwa pasi. "Denver Crabtree, mheshimiwa. Mwanawe."

Hakimu akaliona lile ombi sasa. Akalisoma, akaisoma na amri ya ghorofani, akavua miwani. "Umejuaje mama yako anakoishi?"

"Imo kwenye kompyuta hapo chini. Mwenye macho haambiwi tazama."

Mtu mmoja benchi la nyuma akacheka, kisha akajutia.

"Unajua kuna amri dhidi yako?"

"Naijua yote. Inasema nisimkaribie. Haisemi nisisome."

"Uko ndani ya futi mia tano sasa hivi."

"Umeniita mwenyewe, mheshimiwa. Wito wako huu hapa."

Oleta alisikia sauti yake mwenyewe ikitoka, nyembamba. "Mlango, mheshimiwa."

"Unasemaje, mama?"

"Karatasi ya polisi haisemi mlango. Haisemi kama ni wa kijani. Hilo halimo kwenye kompyuta yoyote. Ameshafika."

Ukumbi wote ukamgeukia Denver. Yeye alikuwa anazungusha kofia vidoleni. "Nilipita tu," alisema. "Barabara nayo ni ya umma."

Mnadhani hakimu alinguruma? Watu wa kwetu wakisimulia hupenda kusema alinguruma. Hakunguruma. Alikaa akiitazama ile amri, na aliyekuwa karibu alimwona anavyotafuna shavu kwa ndani. Amri haikuwa yake. Ilikuwa ya jaji wa juu, na aliyeivunja hushitakiwa kwa jaji wa juu, na jaji wa juu Jumanne huwa kaunti ya jirani, kwa sababu tunagawana jaji mmoja wa familia kaunti tatu. Harudi mpaka kesho. Kwa kusoma hakuwa na la kumfanya. Kwa kupita barabarani, mwingine ndiye wa kusema.

"Ombi limekubaliwa," alisema mwishowe. "Anwani iondolewe kwenye kumbukumbu za mahakama hii, na kwenye kinasa sauti, sasa hivi. Burl, mpe Tressa karatasi hii. Na mpigieni karani wa jaji wa familia, aambiwe nilichosikia." Kisha akavaa miwani. "Denver Crabtree, wewe ulikuwa wa nne kwenye orodha. Sasa ni wa mwisho. Ukinyanyuka hapo kabla sijakuita, hata kwenda msalani bila askari, nakulaza jela kwa kudharau mahakama. Hilo ni langu, na ninaliweza vizuri sana."

"Sawa, mheshimiwa."

"Mama Crabtree, unaweza kwenda." Akamtazama Oleta usoni kwa mara ya kwanza. "Nenda sasa, mama."

Ili kutoka ilibidi apite kando ya benchi la nne. Burl alijiweka katikati, mpana kama kabati, lakini juu ya bega lake Oleta alimwona. Denver alikuwa anamtazama. Angekuwa amekunja uso ingekuwa nafuu. Alimtazama kwa yale macho aliyokuwa akimtazama nayo akitoka shule na njaa, na shavu lilikuwa limebonyea, na Oleta, Mungu amsamehe, alijiuliza kama mtoto amekula. Mguu mmoja ulitaka kusimama.

"Usigeuke, mama," Burl alinong'ona. "Tembea."

Akatembea. Nyuma yake hakimu alikuwa ameshamwita mtu mwingine, mzee mwenye kesi ya mbwa wake kuua kuku wa jirani, na yule mzee, akijua desturi, alikuwa amekiri tayari ili alipe aende. Hakimu Ferrell, mtu wa haraka kuliko wote kaunti nzima, akaegemea kiti.

"Hapana, hapana. Nielezee tangu mwanzo. Huyo mbwa ulimpata wapi?"

Chini, Tressa aligonga muhuri, akagonga vibonye, akageuza skrini yake Oleta aone. Jina lipo, gari lipo, mwendo upo. Mahali pa anwani pameandikwa kwamba imeondolewa kwa amri ya hakimu.

"Imetoka," Tressa alisema, machozi yakimlengalenga. "Mtu wa gazeti hataikuta. Velma hataikuta. Hakuna atakayeiona tena."

Oleta aliitazama. Sasa kompyuta ilikuwa haijui anapokaa, ila mtu mmoja asiyetakiwa kujua alikuwa anajua. Maji yakimwagika hayazoleki. Alikuwa anahesabu moyoni vya kubeba, dawa, picha ya Harlan, koti la baridi, na kumpigia Nedra asiende yeye kuvichukua, amtume mchungaji.

Tressa akavuta fomu nyingine, kalamu tayari, kwa mazoea ya miaka. "Nakala ya amri tunakutumia kwa posta, mama. Tuitume wapi?"

Kisha akasikia alichouliza, akaweka mkono mdomoni.

Kutoka juu, ngazini, sauti ya yule mzee wa mbwa ilikuwa inashuka, imechangamka sasa, na ya hakimu ikimwambia arudie hapo, hakumsikia vizuri. Orodha ilikuwa bado ndefu kabla ya kumfikia Denver. Lakini ilikuwa na mwisho.

"Sina," Oleta alisema. "Andika hana." Akachukua funguo za gari, akatokea mlango wa nyuma.